Maji kwa Ngozi, Mfuniko kwa Mafuta: Kuzuia Moto wa Jikoni Wakati wa Sikukuu

Jiko la sikukuu si jiko la kila siku. Mama aliyezoea kupikia watu watano hujikuta, asubuhi ya Idi au ya Krismasi, akipika pilau ya watu thelathini katika sufuria ya kuazima, juu ya jiko ambalo halikuundwa kubeba uzito huo. Mafuta ambayo siku nyingine hutiwa vijiko viwili, siku hiyo hujazwa kwenye karai kwa ajili ya sambusa, kaimati, maandazi na kuku. Watoto wa ndugu waliokuja kutembea, wasioijua nyumba hiyo wala mahali jiko linapokaa, hukimbizana uani. Mpishi mwenyewe amelala saa mbili au tatu tu, na kila baada ya dakika chache mtu hubisha hodi, simu hulia, au mgeni huita kutoka sebuleni. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililo la kutisha likiwa peke yake. Yanapokutana mahali pamoja, kwa saa zile zile, moto hupata nafasi ambayo siku za kawaida haupati.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufariki dunia kila mwaka kwa sababu ya kuungua, na walio wengi wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanawake na watoto huungulia zaidi nyumbani, hasa jikoni. Idadi hiyo haiwahesabu wale wanaopona wakabaki na vidole vilivyojikunja, shingo isiyogeuka, au kovu la usoni ambalo mtoto atalificha shuleni. Makala haya yanaeleza jinsi moto wa jikoni unavyoanza katika mapishi ya sikukuu, namna ya kuuzuia, na la kufanya katika dakika za kwanza endapo kinga imeshindwa. Sehemu ya mwisho imeandikwa hasa kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya, lakini mgonjwa au ndugu yake hatapoteza kitu akiisoma.

Mafuta huwaka hata bila kuguswa na mwali

Wengi huamini kwamba mafuta ya kupikia hushika moto pale tu mwali unapopanda ukingoni mwa karai. Hilo hutokea, lakini iko njia nyingine ambayo ni ya kimya zaidi. Sambusa hukaangika vizuri katika joto la nyuzi 170 hadi 190 za Selsiasi. Joto likizidi nyuzi 200 na kitu, mafuta mengi huanza kutoa moshi mwembamba unaowasha macho na koo. Yakiachwa motoni bila kuangaliwa, yakifika karibu na nyuzi 350 huwaka yenyewe, hata kama hakuna mwali uliyoyagusa. Mafuta yaliyotumika mara nyingi, yale meusi yenye chembe za unga, hutoa moshi na kuwaka mapema kuliko mafuta mapya. Moshi ule, basi, si dalili kwamba mafuta yamekuwa tayari, kama wasemavyo baadhi ya wapishi. Ni onyo, na muda uliobaki baada ya onyo hilo ni dakika chache.

Dakika hizo chache ndizo anazozitumia mpishi kwenda kumfungulia mgeni mlango. Kwa sababu hiyo, katika kanuni zote zinazotajwa hapa, ningeitanguliza hii: anayekaanga haitwi. Watu wa nyumba wakubaliane tangu usiku wa kuamkia sikukuu kwamba aliyeko kwenye karai hapokei simu, hafungui mlango na hatumwi chumvi. Wa kutumwa ni mwingine. Akiwa hana budi kuondoka na anatumia gesi, azime kwanza. Jiko la mkaa halina kitasa cha kuzimia, kwa hiyo anayekaanga juu ya mkaa lazima apate mtu mzima wa kumpokea mwiko kabla hajainuka. Kanuni hii haigharimu hata shilingi moja, na pengine ndiyo maana haipewi uzito unaoistahili.

Karai la kukaangia lisijazwe mafuta kupita theluthi moja ya kina chake, maana chakula kikitumbukizwa mafuta hupanda na kutoa povu, na yakimwagika ukingoni hukutana na moto ulio chini. Kuku na samaki wakaushwe kwa kitambaa safi kabla ya kutiwa. Kuku aliyetolewa kwenye jokofu akiwa bado na barafu ni hatari kubwa, na sababu yake ndiyo hiyo hiyo inayofanya maji yasifae kuzimia mafuta yanayowaka. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yakimwagwa juu yake huzama, yanakutana na joto linalozidi mara mbili au tatu kiwango chake cha kuchemka, na papo hapo hugeuka mvuke. Lita moja ya maji hutoa mvuke wa takriban lita 1,700. Mvuke huo hupasuka kwenda juu ukiwa umebeba matone ya mafuta yanayowaka, na kilichokuwa moto wa karai huwa moto wa dari, nguo na uso. Kikombe kimoja tu cha maji kinatosha kuleta madhara hayo.

Mafuta yakiwaka, kinachotakiwa ni kuyanyima hewa. Mfuniko wa chuma au sinia pana liwekwe karibu na mpishi kabla hajawasha jiko, si kutafutwa kabatini wakati moto umekwisha kupanda. Aushike mbele yake kama ngao, ausukume juu ya karai kuanzia upande alioko yeye kuelekea mbele, kisha auache hapo. Gesi izimwe ikiwa kitasa kinafikika bila kupitisha mkono juu ya moto. Karai lisibebwe kupelekwa nje. Wengi walioungua miguu na mapaja waliungua wakikimbia na karai mikononi. Mfuniko usifunuliwe kwa udadisi, kwa sababu mafuta yaliyo bado katika joto lile yakipata hewa huwaka upya. Juu ya mkaa subira iwe kubwa zaidi: mlango wa majivu ufungwe, watu wakae mbali, na karai lipoe lenyewe. Unga wa ngano usirushwe kuzimia moto. Vumbi lake nalo huwaka. Na iwapo moto umeshika pazia au dari, haupo tena katika uwezo wa mfuniko. Watu watoke wote, mlango ufungwe nyuma yao, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe. Nambari yake ya dharura hapa Tanzania ni 114, na haina malipo.

Mtungi wa gesi mikononi mwa wageni wake

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umeweka lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa mapafu ya mama na mtoto ni habari njema. Ina maana pia kwamba kaya nyingi zitapika sikukuu zao kwa gesi kwa mara ya kwanza, na gesi ina tabia zake.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni na kutuama penye bonde. Katika nyumba nyingi mtungi hukaa chumbani au varandani, na hatua chache kutoka hapo jiko la mkaa linawaka kwa ajili ya maharage. Gesi inayotambaa inaweza kulifikia jiko hilo na kuwaka kurudi ilikotoka. Harufu kali tunayoinusa imewekwa makusudi kiwandani, kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu ya kutosha kumshtua mtu. Ikinukia, valvu ya mtungi ifungwe, milango na madirisha yafunguliwe, moto wowote ulio karibu uzimwe ikiwa ni salama kuufikia, na swichi za umeme zisiguswe, si kwa kuwasha wala kwa kuzima, maana cheche hutokea pande zote mbili. Anayetaka kujua kama maungio yanavuja ayapake povu la sabuni na atazame mapovu. Kiberiti hakitumiki kutafutia gesi, ingawa bado wapo wanaofanya hivyo.

Mtungi mdogo wa kilo 6, ambao jiko lake hufungwa moja kwa moja juu ya shingo ya mtungi, unafaa kwa chai na sufuria ndogo. Sufuria ya pilau ya watu thelathini juu ya mtungi huo ni mnara usio na msingi. Mtu akikoroga kwa nguvu huyumba. Sufuria pana pia hurudisha joto chini kuelekea valvu. Mapishi makubwa yapewe jiko pana lililo chini, lenye miguu imara, na mtungi ukae mbali nalo kwa urefu wa mpira wake. Mtungi usimame wima wakati wote. Ndani yake gesi imo katika hali ya kimiminika, na ukilazwa kinachotoka ni kimiminika chenyewe, ambacho kila lita yake hutanuka na kuwa lita zaidi ya 200 za gesi. Kuulaza, kuutikisa au kuuweka kwenye maji ya moto ili kukamua gesi iliyobaki ni mazoea yanayojitokeza hasa sikukuu, maduka yakiwa yamefungwa. Afadhali kununua mapema.

Mkaa, mafuta ya taa na mvua

Kosa la hatari kuliko yote katika majiko ya mkaa ni kuongeza mafuta ya taa, au petroli, juu ya makaa yanayoonekana yamezimika. Chini ya majivu makaa yanaweza kuwa mekundu bado. Mvuke wa mafuta huwaka ukielekea juu, hadi kwenye dumu lililo mkononi. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi kali, ndiyo maana mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli kidogo hugeuza jiko la tambi kuwa bomu. Jiko la tambi lijazwe likiwa limezimwa na limepoa, na mafuta yanunuliwe kwa muuzaji anayeaminika.

Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, hivyo Idi huzunguka misimu yote. Idi el Fitri ya mwaka 2024 iliangukia Aprili, katikati ya masika. Mvua ikinyesha, jiko lililopaswa kuwa uani huingizwa ndani, pengine korido, na milango ikafungwa. Hapo kuna hatari mbili: moto karibu na mapazia na magodoro, na gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayotoka katika mkaa unaowaka. Anayeumwa kichwa, kusikia kichefuchefu au kizunguzungu karibu na jiko la mkaa atolewe nje mara moja. Banda la turubai lililowekwa juu sana na wazi pande zote ni bora kuliko korido.

Kuhusu mavazi neno moja tu. Dera la polista lenye mikono mipana linapendeza sebuleni. Jikoni hushika moto, huyeyuka na kugandia ngozi. Kanga au kitenge cha pamba kilichofungwa vizuri, mikono ikiwa imekunjwa, ndicho kivazi cha mpishi. Nguo ikishika moto, mtu asikimbie. Alale chini na kujiviringisha, na walio karibu wamfunike kwa blanketi zito.

Watoto

Watoto wengi hawaungui kwa mwali. Huungua kwa maji, uji, chai, mchuzi na mafuta. Maji ya nyuzi 60, ambayo hayajakaribia hata kuchemka, huunguza ngozi ya mtu mzima kwa kina ndani ya sekunde chache tu. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi, na muda wake ni mfupi zaidi. Jiko la mafiga au la mkaa liko kwenye kimo cha kifua cha mtoto wa miaka miwili, na sufuria iliyoshushwa ikawekwa sakafuni ipoe iko kwenye kimo cha makalio yake: hurudi kinyumenyume akicheza, akakalia.

Kumwambia mtoto asisogee hakutoshi. Uwekwe mpaka wa angalau mita moja kuzunguka jiko, kwa benchi, kwa chaki, au kwa kamba, na vyombo vya moto vishushwe ndani ya mpaka huo au juu ya meza imara isiyo na kitambaa cha kuning'inia. La muhimu zaidi, mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa mlezi wa watoto kwa saa za mapishi, na asiwe mpishi. Nyumba yenye watu wazima wanane ambao kila mmoja anadhani mwenzake anawaangalia watoto haina mwangalizi hata mmoja. Kaka na wajomba wanaosubiri chakula sebuleni wanaifaa sana kazi hii.

Anayeishi na kifafa

Mafunzo ya usalama wa jikoni mara nyingi huwasahau watu wanaoishi na kifafa. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliyeanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko Mahenge, mkoani Morogoro, karibu na mwaka 1960, aliwakuta miongoni mwao watu wenye makovu makubwa ya moto. Hali hiyo bado inaonekana katika wodi zetu. Mtu aliye katika degedege la kifafa hupoteza fahamu. Mkono wake ukiangukia kwenye makaa hauondoi, na jeraha hufika kwenye misuli au mfupa. Juu ya hayo, katika baadhi ya jamii wanaomwona huogopa kumgusa, wakiamini kwamba mate au povu lake huambukiza. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa povu, wala kwa kumgusa mgonjwa. Mtu aliyeangukia motoni avutwe atolewe papo hapo.

Sikukuu huongeza uwezekano wa degedege kwa njia tatu. Ya kwanza ni dawa kusahaulika: mgonjwa amesafiri kwenda kijijini na vidonge vimebaki mjini, au zimeisha wakati kliniki imefungwa. Wakati wa Ramadhani wapo wanaoacha dozi ya mchana bila kumuuliza daktari, ilhali ratiba ya dawa inaweza kupangwa upya kabla mwezi haujaandama. Ya pili ni kukesha. Usingizi mchache ni kichocheo kinachojulikana cha degedege, na kupika usiku kucha ni kukesha. Ya tatu ni pombe.

Haifai kumfukuza jikoni ndugu mwenye kifafa kama kwamba ni mkosi. Kuchambua mchele, kumenya vitunguu saumu na kukunja sambusa ni kazi za jikoni zenye heshima zake, na hufanyika mbali na moto. Akipika, apike kwenye jiko lililoinuliwa mezani na lililokingwa pande zote, asiwe peke yake, na mlango usifungwe kwa komeo. Alale usiku wa kuamkia sikukuu, wengine wakeshe.

Dakika ishirini

Huduma ya kwanza ya jeraha la moto ni maji ya bomba ya kawaida, yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Maji hayo huondoa joto lililobaki ndani ya ngozi, ambalo huendelea kuunguza hata baada ya moto kuondoka. Hupunguza maumivu na kina cha jeraha, na husaidia hata yakianza ndani ya saa tatu tangu kuungua. Pete, bangili na nguo zilizolowa maji ya moto au mafuta zivuliwe mapema kabla sehemu hiyo haijavimba, ila kitambaa kilichogandia ngozi kiachwe. Barafu isitumiwe, hubana mishipa ya damu na kuongeza madhara.

Dakika ishirini ni nyingi mtoto akiwa analia, na ndugu wengi huacha baada ya dakika mbili. Mtu mmoja atazame saa. Pasipo bomba, ndoo ya lita 20 ikimiminwa kwa jagi, lita moja kwa dakika, inatosha muda wote huo. Ndoo moja ya maji safi iwekwe kando siku ya mapishi makubwa kwa kazi hiyo peke yake, na kila mtu nyumbani ajue kwamba ni ya ngozi, si ya karai. Wakati sehemu iliyoungua inapoozwa, mwili uliobaki ufunikwe, hasa wa mtoto mdogo, ili asipatwe na baridi.

Dawa ya meno, yai, unga, mafuta, tope na majani yaliyopondwa havina nafasi hapa. Huziba joto ndani, huleta vijidudu, na humlazimu muuguzi kusugua jeraha ili alione. Kuhusu asali huulizwa mara kwa mara. Imechunguzwa kama kitu cha kufungia vidonda na ina watetezi wake, lakini hakuna asali inayochukua nafasi ya maji katika dakika 20 za kwanza. Malengelenge yasitumbuliwe nyumbani. Baada ya kupoozwa, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi au kwa nailoni safi ya kufungia chakula, likiwekwa bila kukazwa, kisha safari ya kituo cha afya ianze.

Kwa mhudumu wa afya aliye zamu siku ya sikukuu

Mgonjwa aliyefika ndani ya saa tatu akiwa amepakwa dawa ya meno bado anastahili dakika zake 20 za maji. Asafishwe taratibu na apoozwe hapo kituoni. Tahadhari iwe kwa aliyeungua sehemu kubwa, hasa mtoto, ambaye hupoa mwili mzima upesi.

Njia ya hewa hutangulia jeraha. Sauti iliyokwaruza, masizi mdomoni au puani, vinyweleo vya pua vilivyoungua, au pumzi yenye mlio baada ya moto wa chumbani ni dalili kwamba koo linaweza kuziba ndani ya saa chache; rufaa isingoje. Aliyevuta moshi apewe oksijeni kwa wingi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksaidi, hivyo asilimia 98 kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa isimtulize mtu.

Kwa majeraha yaliyotawanyika, kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake. Wekundu usio na malengelenge hauhesabiwi. Mtoto aliyeungua asilimia 10 au zaidi, na mtu mzima wa asilimia 15 au zaidi, huhitaji dripu. Kwa mtoto, hesabu inayotumika sana huanza na mililita 3 za Ringa lakteti kwa kila kilo kwa kila asilimia, nusu yake ikitolewa katika saa 8 za kwanza. Saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, wala si tangu alipofika. Mtoto wa kilo 20 aliyeungua asilimia 15 saa nne asubuhi atahitaji mililita 900 kwa siku nzima, mbali na maji yake ya kawaida yenye glukosi. Akifika kituoni saa saba mchana, mililita 450 za nusu ya kwanza zimebakiwa na saa tano, yaani mililita 90 kwa saa. Baada ya hapo mkojo ndio mwamuzi: takriban mililita 1 kwa kilo kwa saa kwa mtoto, na dripu iongezwe au ipunguzwe kulingana nao. Dawa ya maumivu itolewe mapema na kwa kiwango cha kutosha. Chanjo ya pepopunda iangaliwe.

Majeraha ya uso, mikono, nyayo, sehemu za siri na viungo vikubwa hupewa rufaa hata yakiwa madogo, na vivyo hivyo jeraha lenye ngozi iliyokuwa nyeupe au ngumu kama ngozi ya viatu isiyosikia maumivu. Mtu mzima mwenye jeraha la kina asiyeweza kueleza alivyoungua aulizwe kwa upole kuhusu kupoteza fahamu na degedege. Kufunga kidonda chake bila kuanza au kurekebisha dawa ya kifafa ni kumrudisha kwenye moto ule ule.

Vidole vilivyoungua vifungwe kimoja kimoja, visishikane, na kiungo kiwekwe kikiwa kimenyooshwa, kwa kuwa mgonjwa hupendelea kukikunja na kovu hukaza kikiwa hivyo. Mgonjwa apewe tarehe ya kurudi ambayo haiangukii siku ya mapumziko. Jeraha ambalo halijafunga baada ya wiki tatu lina uwezekano mkubwa wa kuacha kovu nene linalovuta, na huhitaji kuonwa na daktari wa upasuaji kwa ajili ya kupandikizwa ngozi. Kwa hiyo mtoto aliyeungua Krismasi aonwe tena kabla ya katikati ya Januari, hata kama mama yake anasema anaendelea vizuri.